Nyumba Isiyo na Ngazi

Walikuja ofisini kwangu Mlandege, Iringa mjini, wakiwa njiani kurudi Mbeya, mume na mke, na mume ndiye aliyeongea. Alikuwa na maduka ya vipuri vya malori, mawili Mbeya mjini na moja Igawa, pale pale barabarani, na alikuwa amenunua kiwanja mlimani mahali unapouona mji wote wa Mbeya chini yako. Alinionyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyumba nyeupe za paa bapa, kuta nzima za vioo zinazofunguka, sebule inayoendelea mpaka nje bila kukatika, na bwawa la kuogelea hatua chache tu kutoka kwenye makochi.

"Nataka hivi," alisema. "Mtu akikaa ndani ajione yuko nje. Akikaa nje ajione yuko ndani."

Mkewe alikuwa amekaa, mkoba mapajani. Mume alipotoka kupokea simu, mama yule alisogeza kiti akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mimi vioo na bwawa sina ugomvi navyo. Mimi sitaki ngazi. Hata moja. Hata ile ndogo ya mlangoni."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema wana binti mmoja, ana miaka kumi na mitatu, na hatembei.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mimi ni msanifu majengo, ingawa Iringa nzima wananiita injinia na nilikwishachoka kuwasahihisha. Nilikuwa nimechora nyumba za walimu za vyumba vitatu, fremu za maduka, hosteli moja ya wanafunzi na jengo la kanisa letu. Mtu mwenye ndoto kubwa na uwezo wa kuijenga hakuwahi kukaa kwenye kile kiti changu. Walipoondoka nilifunga mlango nikacheka peke yangu kwa furaha. Nalisema hili kwa sababu furaha ile iliingia kwenye kila mstari niliouchora baadaye, na yaliyotokea siwezi kumtwisha mtu mwingine yote.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbeya kuona wanavyoishi. Ilikuwa nyumba ya zamani mjini, imeachwa na babu yake mume, mzee aliyetoka pwani kuja kufanya biashara. Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi tatu, wa uani mbili. Asubuhi baba alimbeba binti mpaka uani, kisha akaenda dukani. Kuanzia hapo mpaka jioni, mtoto akitaka kuingia au kutoka ilikuwa ni mama na mgongo wake, na mgongo ulikuwa umeanza kugoma.

Binti nilimkuta kwenye kiti chake cha magurudumu, anamenya chungwa polepole sana.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Ni wewe unayetujengea?"

"Mimi nachora tu. Mafundi ndio wanajenga. Wewe unataka nini kwenye hiyo nyumba?"

Hakuwaza. "Nataka nitoke nje bila kumwita mtu."

"Ukafanye nini huko nje?"

"Nikanune," alisema. "Sasa hivi nikigombana na mama nanunia humu humu, na yeye ananiangalia. Haina maana."

Mama yake alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Baadaye jikoni, akichambua mchele, alinieleza mambo bila kupunguza. Misuli ya mtoto ilikuwa inadhoofika tangu alipokuwa na miaka sita. Madaktari walikwisha kuwaambia kwamba miguu ndiyo hutangulia, halafu mikono, halafu kifua. "Kifua ndicho tunachokilinda," alisema. "Wewe ukipata mafua ni mafua. Yeye akipata mafua ni kulazwa."

Kwa hiyo niliambiwa, tena kwa maneno hayo hayo, siku ya kwanza.

Nilichora miezi minne. Chumba cha binti nilikiweka upande wa mashariki, jua limfikie mapema, mlango wake mpana. Kutoka kitandani kwake sakafu ilikwenda moja kwa moja mpaka sebuleni, sebuleni mpaka veranda, veranda mpaka pembeni mwa bwawa, kisha bustanini, yote usawa mmoja. Kwenye karatasi ni rahisi. Fundi mkuu, mzee wa Igowole niliyefanya naye kazi miaka mingi, aliiangalia ramani akatikisa kichwa.

"Mwanangu, Mbeya mvua haiji kutoka juu, inakuja ubavuni. Umeondoa kizingiti. Maji yataingia sebuleni yakae kwenye kochi."

Tukakaa naye siku nzima tukifikiria. Mwisho tukaamua kuchimba mfereji mwembamba mbele ya vioo, tuufunike kwa wavu wa chuma, na veranda yenyewe tuipe mwinamo mdogo ambao jicho halioni lakini maji yanauona. Mzee alikubali, na najua aliipenda kazi ile. Alikuwa akiwaambia vijana wake, "Hapa hakuna kubahatisha, kuna mtu atapita."

Baridi ndiyo iliyobaki. Ukuta wa vioo wa mita tisa, unaofunguka wote, ukitazama upande ule ule unakotoka upepo wa Juni. Nilimwambia mume kwamba tupunguze vioo nusu, tujenge ukuta wa tofali upande wa upepo, na tuweke sehemu ya kuotea moto sebuleni.

"Nikitaka ukuta nitabaki kwenye nyumba ya babu," alijibu. "Vioo vyote."

Sikubishana mara ya pili. Ningeweza kubishana, maana mke wake angesimama upande wangu. Lakini na mimi nilivitaka vile vioo. Nilikwisha kuiona picha ya nyumba ile ukutani ofisini kwangu, mlima nyuma yake.

Ujenzi ulichukua mwaka na zaidi. Kila nilipokwenda nilimkuta mume na wageni, anawatembeza vyumbani, anawaonyesha kitakapokaa kila kitu. Ikafika Juni. Paa lilikuwa limeshakaa, sakafu imeshasuguliwa inang'aa, ila vioo vilikuwa bado vimekwama bandarini. Upande mzima wa nyumba ulikuwa wazi.

Nikampigia mama simu. Nilimwambia kabla hatujafunga ule wavu wa chuma kabisa, ingefaa binti aje ajaribu kupita na kiti chake, isije magurudumu yakanasa. Ilikuwa kweli. Ila tungeweza kujaribu na kiti kitupu, tukakipakia mfuko wa saruji, na tungepata jibu lile lile.

"Baridi, dada," alisema.

"Nusu saa tu."

Walikuja saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa amevaa masweta mawili na kofia ya sufu, na magotini blanketi zito lenye maua mekundu. Mama alimsukuma mpaka chumbani kwake, akamwacha pale kitakapokuwa kitanda. "Haya," akamwambia, akarudi nyuma.

Mikono ya mtoto ilikuwa dhaifu, lakini sakafu ilikuwa laini, na mzee wa Igowole alikuwa ameilaza kama meza. Alisukuma kidogo, akapumzika, akasukuma tena. Akapita mlangoni. Akapita sebuleni. Kwenye wavu magurudumu yaligonga kidogo, tak, tak, yakapita. Akafika veranda akasimama. Mbele yake kulikuwa na shimo la bwawa lisilo na maji, na mji chini, na mabati yakimeta.

"Hakuna aliyenisukuma," alisema bila kugeuka. "Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Basi leo nakununia. Msinifuate."

Fundi alivua kofia yake, akaishika kifuani. Mama aliteremka kwenye gari kuchukua chupa ya chai, na huko akapigiwa simu ya dukani ikamweka muda mrefu.

Mimi nikatoa simu yangu kupiga picha.

Ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili na ya tatu pia. Lakini lile blanketi lilikuwa linanikera. Sakafu ya kijivu, kuta nyeupe, mlima wa buluu, halafu katikati maua makubwa mekundu. Nikamwambia, "Hebu tulitoe hili kidogo." Akanipa mwenyewe. Nikamtoa na kofia. Nikamwomba arudi ndani, kisha atoke tena, nimpige anapovuka. Akarudi, akatoka. Nikamwomba tena. Upepo ulikuwa unaingia kama pale hakuna nyumba.

"Injinia," mzee aliniita. "Upepo."

"Dakika moja, mzee."

Alivuka mara nne. Mara ya nne nilimsaidia kuweka mikono kwenye magurudumu, maana vidole vilikuwa haviyashiki vizuri, na mikono ile ilikuwa ya baridi kama bomba la asubuhi. Niliihisi. Sikusema kitu. Nikapiga ile picha ya mwisho, naye akacheka, meno yote nje, nywele zimepeperuka. Katika maisha yangu sijapiga picha ya jengo iliyozidi ile. Niliposikia mlango wa gari nikamfunika blanketi, nikamvisha kofia. Walipoondoka ilikuwa inakaribia saa sita.

Siku ya nne mama alinitumia ujumbe kwamba mtoto ana mafua. Siku ya saba akaandika wamelazwa. Baada ya hapo maneno yalikuwa machache: "Tuombee." Nilikwenda kanisani katikati ya wiki, kitu ambacho si kawaida yangu, nikakaa kiti cha nyuma nikiangalia paa ambalo nililichora mimi. Kuomba nilishindwa. Nilichokuwa nafanya ni kuhesabu dakika, mama alikaa garini muda gani, mimi nilimweka mtoto upeponi muda gani.

Wiki ya pili nikapanda basi kwenda kumwona. Tulipofika Igawa basi likasimama, abiria wakateremka kununua mchele na mahindi ya kuchoma, na simu yangu ikaita. Alikuwa yule mzee wa Igowole.

"Kamwene, mwanangu. Uko wapi?"

"Igawa. Nakuja hospitali."

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, wanaume wengi.

"Njoo tu," alisema. "Lakini huna haja ya kuharakisha tena. Mtoto tumeshatoka naye msikitini. Ndiyo tunaelekea makaburini."

Mama mmoja alikuwa amenyanyua sinia la mahindi mpaka dirishani kwangu, ananiuliza dada nikupe mangapi. Nikachukua mawili sijui kwa nini. Nilifika nayo Mbeya yamepoa kwenye mfuko.

Nyumbani wanaume walikuwa wamesharudi kutoka kuzika, wamekaa nje kwenye viti. Ndani wanawake walijaa kwenye mikeka. Nilifunga khanga juu ya sketi, nikavua viatu, nikapita kati yao mpaka alipokuwa mama. Alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu. Nilipiga magoti nikamshika mikono.

"Umefika," alisema.

"Pole, dada. Pole sana."

"Ulimpiga picha siku ile. Kule kwenye nyumba. Aliniambia. Sina picha yake ya karibuni. Nitumie."

"Nitakutumia."

"Sasa hivi."

Nikatoka uani, nikasimama kando ya bomba, nikazifungua. Zilikuwa kumi na nne. Tatu za mwanzo ana blanketi na kofia. Hizo tatu nikamtumia. Zile kumi na moja nikazifuta moja moja, na ya mwisho kabisa niliifuta mwisho. Halafu nikarudi mkekani nikakaa na wenzangu, na mtu akanipa kikombe cha kahawa.

Siku chache baada ya arobaini, mume alinipigia. Sauti yake ilikuwa ile ya kuagiza mzigo.

"Injinia, kuna mabadiliko. Ile veranda ivunjwe ishuke, uweke ngazi tatu kama nyumba za watu. Bafu la chumba kile, vyuma vya kushikia vitolewe. Mlango upunguzwe. Kiwe chumba cha wageni."

"Mama anajua?"

"Nyumba ni yangu."

Kisha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "Dada, kila nikiingia pale naiona njia yake. Sakafu yote ni njia yake. Nitaishije humo?"

Nilikuwa na la kumwambia. Ningeweza kusema sakafu isiyo na ngazi haimdhuru mtu, wazee wenyewe watakuja kuihitaji, subirini kwanza mwaka upite. Sikusema. Nilifungua ramani nikaketi, na mchana mmoja ukatosha kuondoa kazi ya miezi minne. Nikairudisha milango kuwa ya kawaida. Nikachora ngazi tatu. Nadhani kuna sehemu yangu iliyotaka sakafu ile ivunjwe, kwa sababu mimi nilijua kilichofanyika juu yake.

Mzee wa Igowole aliianza ile kazi ya kuvunja, akaiacha siku ya pili. Aliwaambia vijana anaumwa, akapanda gari kwenda kwao. Mimi aliniambia ukweli kwenye simu: "Kazi ile niliilaza kwa ajili ya mtu. Tafuta mwingine aivunje." Sijafanya naye kazi tena tangu siku hiyo. Alijibu salamu zangu mara mbili tatu, kisha akaacha.

Mama aliambiwa na majirani wa kule kiwanjani kwamba kuna nyundo. Alinipigia mchana.

"Umechora wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa mkono wako?"

"Mumeo aliniomba."

"Mimi nilikuomba kwanza," alisema, akakata.

Mwaka mwingine ukapita kabla hawajahamia. Mume alinialika kwenye dua ya kufungua nyumba, na nikaenda, maana kutokwenda kungekuwa ni kusema kitu. Nyumba ilikuwa imekamilika. Vioo vilikuwa vimefika, vimefungwa vyote, na mapazia mazito juu yake. Bwawa lilikuwa na maji. Sebuleni makochi yalikuwa yamefunikwa mablanketi, kwa sababu hata vikiwa vimefungwa, vioo vile havizuii baridi. Nikaambiwa familia yenyewe inakaa jikoni, wanazunguka jiko la mkaa.

Mama alinipokea kwa adabu. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za Iringa, habari za mama yangu, kisha akaniambia, "Njoo," akanipeleka chumba cha mashariki. Kulikuwa na kitanda kikubwa kimetandikwa shuka za wageni, na kabati tupu. Hakuna aliyewahi kulala pale, alisema. Tukakaa ukingoni mwa kitanda, mlango umefungwa.

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, lakini tulikuwa wawili, na sikuona kama nitapata siku nyingine. Nikamwambia blanketi nililitoa mimi, na kofia, kwa ajili ya picha. Nikamwambia alivuka mara nne, kwamba mikono yake niliishika nikaona ni ya baridi, nikanyamaza. Kwamba picha zilikuwa kumi na nne.

Alinisikiliza akiangalia kabati.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Aliniambia garini. Alisema, anti amenitoa blanketi nikaonekana kama watu. Alifurahi kupita kiasi. Siku mbili nzima alikuwa anasimulia hilo tu. Nilimgombeza kwa nini alikubali." Akashusha pumzi. "Pale msibani nilipokuomba picha, nilitaka kuona kama utanitumia zote."

Nikamwambia nilizifuta, zote kumi na moja.

"Moja ungeiacha," alisema. "Hata kama ungeificha. Ungeiacha."

"Nisamehe, dada."

"Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na leo ni siku ya dua." Akasimama, akanyoosha shuka pale tulipokuwa tumekaa. "Labda siku itakuja. Twende, watu wanangoja chakula."

Nilikula pamoja na wanawake wengine, pilau na kachumbari, na nilimaliza sahani yangu. Baada ya chakula mume aliniita mbele ya wageni wake, wafanyabiashara wenzake na wake zao. "Huyu ndiye injinia wetu," alisema, "kutoka Iringa." Walinisifia. Walikuwa wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili wakiota joto, na walisifia mandhari, na ukubwa wa vioo, na jinsi ndani na nje vilivyo kitu kimoja. Wawili waliomba namba yangu.

Mmoja wao alinipigia wiki iliyofuata. Alitaka nyumba kama ile ile, Uyole, yeye na mkewe na watoto wanne. Nilimwuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, au mzee, au mtu asiyeweza baridi. Alicheka, akasema Mungu apishe mbali.

Nikamchorea.